Ladha ya Chuma

Daktari Jerotich aliniuliza kilo zangu,
akaziandika kwa kalamu mgongoni mwa glavu,
akapiga hesabu midomo ikicheza:
bupivakaini haikadiriwi kwa jicho.
Hata bati, nikamwambia.
Mimi hupima mara mbili, nikakata mara moja.
Siku niliyokadiria kwa jicho ni leo asubuhi,
na nyundo ya Wambua, kijana wangu wa kazi,
ikashuka vidole vyangu vikiwa bado vipo pale.

Akanipaka spiriti juu ya mtulinga.
Kwenye kioo cha mashine, alisema,
neva zako zimekaa kama kishada cha zabibu.
Zabibu sizijui sana.
Mimi niliona riveti, zimepangwa, zinangoja kugongwa.

"Nikianza kusukuma dawa, usinyamaze.
Ukihisi ladha ya chuma ulimini, niambie.
Masikio yakivuma, niambie.
Midomo ikifa ganzi, niambie upesi."

Sasa nimjibu nini mama huyu?
Miaka thelathini na mmoja nagonga masanduku Kamukunji,
ya watoto wa bweni, ya buluu, ya kijani, na komeo zake.
Ladha ya chuma ndiyo chai yangu ya saa nne.
Masikio hayajanyamaza tangu kifungua mimba wetu:
kanisani yanavuma, kitandani yanavuma,
Ndunge akiniita kwa upole nasikia nyundo.
Nikisema ndiyo, atachomoa sindano.
Nikisema la, nitakuwa nimedanganya nikiwa chali.

Nikamweleza.
Kidole chake kikatulia juu ya bomba,
hakisukumi, hakitoki.
"Basi," akasema, "niambie ikizidi ya jana."

Ya jana!
Nani aliwahi kuniuliza kelele ya jana ilikuwa kiasi gani?
Nikafumba macho nikaitafuta,
nikaiweka kando ya hii ya leo kama mbao mbili.
Ziko sawa, nikasema.
Akasukuma kidogo, akavuta kuangalia damu, akasukuma.
Ziko sawa.
Akasukuma.
Ziko sawa, daktari.

Joto likateremka begani polepole.
Akanigusa kwa pamba yenye barafu:
najua umenigusa, nikasema, baridi ndiyo siioni.
Niliinua mkono. Mkono ukakataa.

Wodini ulilala kifuani pangu
kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimshike.
Nilipogeuka ulinizaba kofi.
Kope la jicho la kulia likalegea; Ndunge akadhani kiharusi,
akaanza kulia, mpaka nesi Atandi akamshika bega:
"Ni dawa, mama. Litapanda lenyewe."
Kisha akanigeukia mimi.
"Dawa hii ina pumzi ndefu, lakini si ya milele.
Vidonge hivi umeze saa nne usiku.
Usingoje mkono uamke. Maumivu hayabishi hodi."

Kitanda cha nane kulikuwa na kijana wa mjengo, mguu juu.
Aliletwa Jumamosi, chupa zikiwa zimeisha.
Alimwita mama yake kwa Kiluhya, kisha kwa Kiswahili,
kisha akaacha kumwita.
Usiku wangu ulikuwa mzima, haujaguswa.
Ningalijua pa kuukata ningalimpa kipande.

Saa kumi na moja alfajiri gumba lilitekenywa.
Siafu mmoja. Kisha mstari wake.
Kisha shahada, kisha cha kati,
kisha cha pete, nacho kilishatupwa kwenye ndoo jana,
kikaamka na wenzake kikiuma kuliko wote.

Nje, upande wa Mbagathi, mtu alikuwa anagonga mabati,
au ni masikio yangu.
Nilijilamba midomo. Chuma.
Imezidi ya jana, nikasema.
Jerotich alikuwa ameshakwenda nyumbani.