Maagizo kwa Atakayerithi Paa

Mutheu, kwanza kabisa: kitambaa cha pamba,
si tishu. Tishu hukwaruza lenzi.
Maji yawe yaliyokenekwa, matone mawili, basi.
Chungulia ndani ya bomba. Buibui wa Chiromo
hawatofautishi bomba na pango,
na uzi mmoja tu wa utando
utausingizia mji mzima uchafu usio wake.

Korongo pia. Kuna mmoja,
mfuko shingoni kama karani wa kodi,
aliikalia mashine asubuhi nzima.
Data ikasema Nairobi imezikwa na vumbi la jangwa.
Nilipanda na fagio. Daftarini niliandika: korongo.
Daktari Ochwada alicheka, kisha akanikataza kufuta.

Sasa, kazi yenyewe.
Mashine huanza kwa kutazama utosini,
pale njia ya mwanga ni fupi.
Halafu huinamisha shingo: nyuzi thelathini, kumi na tano,
tano,
mbili,
hadi mwanga unaoingia ni ule uliosota
juu ya mabati yote ya Kariobangi kabla ya kutufikia.

Usitafute kilichomo. Tafuta kilichopungua.
Jua lenyewe lilizaliwa na mianya,
mistari myeusi ambayo hakuna aliyeitoboa hapa kwetu;
hiyo ni sura yake, iache.
Pengo ni kitu kingine.
Pengo ni jino lililokuwapo.
Ozoni hung'ata kule, kupita urujuani, macho yasikofika.
Naitrojeni dioksidi hung'ata kwenye buluu,
meno madogo madogo, kama panya kwenye gunia,
na ukishamjua panya kwa alama zake
huhitaji kumwona.
Masizi hayang'ati. Masizi hufifisha tu,
kama mtu anayevuta pazia huku akikutazama.

Julai usijilaumu. Wingu litakaa juu ya jiji wiki tatu
kama mgeni aliyekosa nauli.
Mashine italala. Ilale.
Andika "wingu", usiandike sifuri.
Sifuri ni jibu.

Na hili halimo kwenye mwongozo.
Ukielekeza shingo mashariki, nyuzi mbili,
mstari unapita juu ya jaa la Dandora
na juu ya nyumba yangu.
Miaka kumi na mmoja nimeusoma moshi ule kutoka hapa,
tarakimu nne baada ya nukta,
nikirudi jioni kuukuta sebuleni,
kitandani, kifuani mwa Kerubo.
Usiku wa tarehe tisa Februari alikohoa hadi alfajiri.
Asubuhi nilipanda, nikasafisha lenzi.
Namba ilikuwa ya kawaida.
Nikapima tena.
Daftari lina safu ya tarehe, ya saa, ya pembe, ya joto.
Nilitafuta pa kukiandika kikohozi,
nikakiandika pembeni, kwa penseli,
ukurasa wa mia mbili na nne.
Ochwada hajawahi kuuliza.
Ukifika hapo usinionee huruma.
Chonga penseli.

Ufunguo wa paa hukwama.
Uinue kidogo, kisha geuza.