Mshale wa Sekunde

Nimeinunua Mwanjelwa, saa ya elfu kumi na mbili,
mkanda wake wa plastiki bado unanuka duka.
Muuzaji alinitolea za dhahabu ya kuigiza.
Nikamwambia nataka yenye mshale mwembamba,
ule unaokimbia.
"Wa nini, mama?"
Wa kuhesabia watu.

Miaka kumi na mmoja nilihesabu bila saa.
Hapa Tukuyu, wodi ya wanawake,
usiku mvua inapiga bati hata kikohozi hakisikiki,
niliweka kiganja kifuani pa bibi Tupokigwe
nikajua: huyu hafiki alfajiri.
Nikaenda kumwamsha sista.
Sista akaja, akapima, akaandika.
Jina lake likakaa kwenye faili.
Langu lilikaa kwenye daftari la sabuni na madekio.

"Nesi!" waliniita, kila aliyelala pale.
"Nesi, maji." "Nesi, mgongo unaniwaka."
Nami nikijibu nimeinama na beseni:
"Mimi si nesi, mama. Mhudumu tu."
Ile "tu" hakuna aliyeniomba niiseme.

Kemia ilinikataa nina miaka kumi na saba.
Nikaifuata tena nina thelathini na nne,
mtahiniwa wa kujitegemea,
jedwali la elementi nimelibandika
juu ya sinki la kufulia, kwa plasta ya vidonda.
Sodiamu, klorini: kumbe ndiyo ile dripu,
kumbe ndiyo chumvi ya jikoni,
kumbe ndiyo hii inayonitiririka kwapani.
Nikapata D.
Nilitembea nayo mjini kama mtu mwenye A.

Ada ni maparachichi ya misimu miwili,
ndama wa mama, na kikoba cha wahudumu
walionikopesha huku wakisema,
"Ukishakuwa sista usije kutufokea sakafu."
Tukacheka.
Anyisile hakucheka.

Sasa nakaa dawati la mbele, kwa sababu ya macho.
Wenzangu walikuwa darasa la pili
nilipoanza kufua mashuka yale.
Wananiita mama, wananiazima pasi.
Mwalimu anaandika ubaoni: kidonda cha mgandamizo.
Chini yake: mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili.
Nikaitazama mikono yangu.
Kumbe kazi yake ilikuwa na jina
na hakuna aliyeiambia.

Kisha mwalimu, bila kugeuka, chaki mkononi:
"Ngozi iliyoanza kubadilika rangi msiisugue kamwe.
Mnaiua nyama ya chini."

Nilisugua.
Visigino vya bibi Tupokigwe,
kwa mafuta niliyonunua mwenyewe,
kila jioni, nikimwimbia polepole,
nilisugua,
naye akisema ndaga, mwanangu, ndaga.

Darasa zima likainama kuandika.
Mimi sikuandika. Sentensi ile
sitaihitaji daftarini.

Wiki ya nane wakatupeleka kwa vitendo.
Wodi yangu ileile, kitanda cha tatu bado kinayumba,
nikakitilia kipande cha kadibodi chini ya mguu
kabla hata ya kuvaa glavu.
Mkufunzi akanikoholea.

"Nesi!"

Nikageuka nyuma kuangalia anaitwa nani.
Mlangoni alikuwepo Anyisile na dekio lake,
ananitazama,
na maji yanamchuruzikia miguuni.
"Unaitwa," akasema.

Nikaenda.
Nikaushika mkono wa yule mama, mwembamba, wa moto,
nikatafuta mahali damu inapogonga
nikauacha mshale uzunguke wote.
Wenzangu wanahesabu sekunde kumi na tano
halafu wanazidisha kwa nne.
Mimi nilikaa sitini nzima.
Nje mvua ilikuwa imeanza tena.
Themanini na nane. Themanini na tisa.