Meno ya Ndani

Kwanza ilikuwa kama mtu anabisha chini ya sakafu,
mara moja, kwa adabu, nilipotia gia ya pili
baada ya daraja la Enguri. Nikaongeza sauti ya redio.
Kufika Ipari, mbishaji hana adabu tena.

Abiria wangu, Wapolandi wanne na mbwa wao,
wakatazamana. "Mawe ya njia hayo," nikasema,
na njia, kwa haki yake, ilikuwa na mawe.
Uongo unaodumu haukosi kokoto mbili tatu za kweli.

Jioni Bimurza akaingia uvunguni mwa Delika,
bolti nne za nyuma, mbili za beringi ya katikati,
akaivuta shafti kama mtu anayezalisha ng'ombe,
akiguna, grisi ikimtiririka hadi kiwikoni,
akailaza mezani chini ya taa.

Nyeusi. Ndefu kunishinda.

"Krosi zimekwisha, zote mbili," akasema,
"hizo si kitu, lari mia na ishirini, kesho asubuhi unaondoka.
Lakini tia kidole hapa,
hapa inapoteleza ndani ya mwenzake.
Unaona? Meno ya ndani yameliwa.
Na meno ya mtu mzima hayaoti tena.
Nyingine ipo Kutaisi, imetoka Japani, haijaguswa:
lari mia sita."

Mia sita ni kuni za majira yote ya baridi.
Mia sita ni jino la mama, na la pili, na nauli ya kwenda kuyaziba.
Nikapitisha kitambaa juu ya bomba ili nifikiri,
maana mkono ukifanya kazi kichwa hupata nafasi,
na kitambaa kikakwama.

Kovu. Pete ya kulehemu, kuzunguka bomba zima,
yenye vinundu kama mshono wa mtu aliyeshona gizani.

Mwaka ule jabali lilipoanguka Lalkhori
niliuza mtamba wangu mweupe.
Lari mia tano nilimhesabia Otia mkononi,
akarudi siku ya tatu akipiga mluzi:
"Mpya kabisa, Nargiza. Itatuzika sote."

Nikamtazama Bimurza.
Bimurza akaitazama taa.
"Nililehemu mimi," akasema mwishowe. "Thelathini.
Aliniapisha."
"Na zilizobaki?"
Akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Miaka sita nimepandisha watu juu ya mshono huo,
bibi harusi mmoja, majeneza mawili, magunia ya viazi,
huku nikijisifu kwa majirani: mpya, mpya kabisa.
Kipya kinyemi, hata kikiwa kovu.

Nikampigia. Yuko Gdańsk, anapakia majokofu;
nyuma yake mashine ilikuwa inalia tii, tii, ikirudi kinyumenyume.
"Otia, shafti ile uliinunua wapi?"
Tii, tii.
"Hayo mambo ya miaka sita, Nargiza."
"Nimeuliza shafti. Sijauliza miaka."
Tii.
"Itengenezeni tu," akasema, "bado ina maisha."

Usiku sikulala, nikapiga hesabu ukutani kwa ukucha.
Krosi mpya kwenye meno mabovu: mwezi, labda miwili,
halafu siku moja, mteremkoni, chuma kinachomoka,
kinachimba lami mbele kama mkuki,
na gari linakiruka na watu wake.
La kuvunda halina ubani.

Asubuhi nikamwambia Bimurza: "Agiza ya Kutaisi.
Risiti andika jina langu.
Na hii usiitupe. Ipime kilo, niuzie chuma chakavu."
Ilitoa lari kumi na moja.
Nikanunua jibini na betri za tochi.

Ijumaa nikavuka Enguri, redio nimeizima.
Gia ya pili. Nikategea sikio sakafuni.
Kimya; matairi tu, na maji huko chini,
na mimi, sijui kwa nini, bado nangoja kubishiwa.

Simu ikatetemeka kwenye dashibodi: Otia.
Nilikuwa kwenye kona.
Nikakata kona.