Kioo cha Ubavuni

Dukani kwa Lomayani, Arusha, ghorofa ya pili,
makasha matatu yamepangwa juu ya kaunta
kama wachumba waliofika siku moja.

La kwanza: kioo mbele, kioo ubavuni, kioo hadi utosini.
Feni saba zinawaka zambarau.
Nikaweka kiganja usoni pake, sikuona pa kuvutia pumzi.
Zuri, nikasema, kama bwana harusi aliyekazwa tai.
Kadi yangu ya picha ina homa ya kuzaliwa;
nikiifungia humu haimalizi mechi.

La pili bati tupu, jeusi, la ofisi ya kata.
Miezi kumi na minne nimekusanya kifaa kwa kifaa:
madabodi kwa hela ya kusuka,
ramu kwa zamu yangu ya mchezo pale saluni.
Leo niyafunike yote kama sufuria ya makande?
Hapana. Nataka kuyaona.

La tatu lina wavu mbele,
matundu madogo kama ya chujio la chai,
na ubavuni
pengo.

“Kioo chake kilivunjika njiani, dada.
Basi lilirukia tuta kule Same, kikamwagika chote
kama chumvi ya mawe. Lilikuwa laki na tisini.
Toa sabini ulibebe.”

Nikavuta uso nisicheke.
Lomayani angejuaje
kwamba mimi ni mtoto wa fundi vioo?

Baba amekata vioo Moshi, pale Pasua, miaka thelathini na mmoja:
madirisha ya zahanati, kabati za maandazi,
fremu za maharusi ambao wengine wameshaachana.
Alilizunguka kasha langu mara mbili.
“Banda la kuku?”
“La kompyuta, baba.”
“Kompyuta ya kufanyia nini?”
Nikanyamaza.
“Gemu,” akasema Elirehema, mdogo wangu, mbea.
Lakini baba alikuwa ameshashika futi,
na baba akishashika futi haulizi tena.

“Kilichovunjika kilikuwa cha tempa.
Kile hakikatwi. Kinapikwa, kinapozwa ghafla,
kinabaki na hasira ndani.
Kipige ngumi usoni, kitakuvumilia.
Gusisha pembe yake kwenye kigae, kwaheri.
Changu mimi ni cha dirisha, milimita tano.
Kikivunjika kitakukata. Kwa hiyo utakiheshimu.”

Matundu manne ya skrubu.
Maji kwenye kopo, drili polepole.
Kioo cha kwanza kililia tundu la tatu.
Cha pili tundu la nne, la nne kabisa,
na baba akatamka neno
ambalo mzee wa kanisa hapaswi kulijua.
Cha tatu tulikitoboa bila kupumua,
hata Elirehema alinyamaza.

Kisha akanidai hela ya vioo vitatu.
“Rahisi ghali,” akasema, akihesabu noti zangu.

Sasa liko mezani, mbali na sakafu.
Kingo za kioo zina ukijani wa chupa ya soda
na karibu na bawaba kuna mkwaruzo
ambao mimi tu ndiye ninayeujua.
Vumbi la Pasua halibishi hodi:
kila Jumamosi nauvua wavu, nauosha bombani,
naanika kwenye kamba kati ya soksi.
Feni ni tatu tu. Sikununua taa za rangi;
kuna kataa kamoja keupe ka madabodi, kananitosha.

Juzi usiku, skrini ikiwa nyeusi, nasubiri mechi ifunguke,
nikaona mtu ndani ya kioo, kati ya nyaya na feni.
Baba, mlangoni, na shuka begani.
Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.
Nikajiandaa kuambiwa nikalale.

“Ile skrubu ya juu kulia,” akasema,
“usiikaze sana.”