Kioo cha Nili

Dirisha la bibi lina vioo tisa,
vinane vyeupe, kimoja buluu.
Fundi wa kubomoa, nyundo begani, ananiuliza:
"Na hiki?"
Namwambia, ngoja kwanza.

Bibi Zuwena alikuwa dobi, hapa hapa Muharraq.
Vita havikumfikia kwa redio, hakuwa nayo;
vilimfikia kwa mafurushi,
vikinuka jasho la watu asiowajua,
naye akavisoma kwa vidole, kwenye vifungo.

Kabla ya hapo, alisema, bahari ilitosha kuwa ukuta.
Nani angevuka maji yote haya
kufuata lulu ambazo bei yake ilikwishaanguka?
Lakini chini ya mchanga palikuwa na mafuta,
na mafuta hayakosi jamaa.

Ukaja usiku mmoja wa Ramadhani,
daku bado jikoni.
Ngurumo ikapita juu sana,
paka akaingia mvunguni,
bibi akabaki kasimama na upawa.
Babu Jauhari alikuwa zamu, kiwandani.
Mabomu yaliukosa moto, yakachimba jangwa.
Babu alirudi na kiatu kimoja,
akaomba maji, na adhana ya alfajiri imekwishapita.
Bibi akampa.
Hilo hakulisema kwa mtu mpaka mumewe alipozikwa.

Ikatoka amri: taa zifichwe.
Dukani kwa Gholamreza nili ya kufulia ikaisha siku moja,
kila nyumba ikipaka vioo,
na mashati ya maofisa yakafifia umanjano
kwa sababu weupe wao wote ulikuwa madirishani mwetu.
Usiku mji ukawa kama umetiwa chupani.
Na kule kusini mwenge wa gesi ukaendelea,
maana moto ule hauna utambi wa kupunguza.
Kisiwa kizima kimejifunika gubigubi,
kidole gumba kiko nje,
kinawaka.

Ndipo mafurushi yakazidi.
Vifungo vya taji, wale wa tangu zamani, sasa mara tatu.
Vilemba vya yadi tano, vinavyokunywa wanga kama ngamia: Bara Hindi.
Na miaka baadaye, vita vimekwisha, mizinga imepakwa grisi,
vikaja vifungo vya tai,
vya watu wanaotafuna hata wakisalimia.

Wakubwa walitia saini karatasi ambazo bibi hakuziona.
Yeye aliona tu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka,
basi fimbo imeletwa karibu:
ikalazwa uwanjani, ikajengewa banda,
ikachimbiwa kisima,
ikaomba ua usogezwe kidogo.
Nilikuwa mdogo, nikamuuliza: na nyoka?
"Nyoka alikwenda zake mwaka ule ule.
Mimi naangalia mpini umeelekea wapi."
Kisha akanituma sabuni.

Sikumwelewa. Hata leo sisemi nimemwelewa,
kwani siku nyingine, akikunja suruali za watu hao hao,
alisema: "Bila hawa, sijui mama yako ningemzalia wapi."
Maneno yote mawili aliyatia beseni moja,
yeye, ambaye hakuwahi kuchanganya nyeupe na za rangi.

Amani ilipotangazwa, mtaa mzima ulisugua vioo
kwa siki na majivu.
Vyake vinane vikatakata.
Cha tisa akakipita.
"Hicho bado," akasema,
kama mtu anayepapasa nguo kambani.

Fundi anatazama saa.
Ndege inapita chini chini, nzito, ya kijivu,
ya marafiki bila shaka,
na kioo kinatetemeka katika fremu yake
kama jino la mtoto.
Nipe bisibisi, namwambia.
Nitakitoa mwenyewe.