Mteja wa Shina

Mimi ni mwuza matoke, si mwuza kuni.
Kwa hiyo siku Wanpen aliposimama mbele ya meza yangu
hapa Kimaka, Novemba, matope hadi vifundoni,
akasema hataki mkungu, anataka shina,
nilimtazama kama mtu aliyekuja kununua kivuli.

"Shina twawapa ng'ombe," nikamwambia.
"Kata kama mkate," akasema.
"Na majani. Yasiyochanwa na upepo."
Ni mke wa Tibenkana, fundi wa majokofu,
miaka mitatu tangu atoke Tailandi,
na Kiswahili alifunzwa na wake wa askari:
kina amri nyingi, tafadhali hakina.
Nikampa bure. Kisha udadisi ukanifungia meza mapema.

Kibarazani kwake nikaona mikono ikikunja.
Jani lile lile ambalo mama alinifunza
kufungia matoke yaive kwa mvuke,
kwake lilikuwa petali, ncha kwa ncha,
likizunguka kipande cha shina hadi kikawa yungiyungi.
Kukunja nakujua.
Sikujua tu kwamba jani laweza kukunjwa
pasipo mtu mwenye njaa.

Chombo hicho huitwa kratong.
Katikati mshumaa, vijiti vitatu vya ubani,
asumini za jirani, nyingine za kuomba, nyingine za kuiba.
Akakata ukucha. Akakata ncha ya nywele.
Akaviweka humo: "Kisirani cha mwaka. Kiende."
Nikanyamaza. Kwetu vitu hivyo havitupwi ovyo,
adui asije akaviokota.
Yeye alimkabidhi mto siri ninazochoma motoni.

"Sikukuu ya taa?" nikauliza.
"Taa ni barua," akasema. "Mama wa Maji,
mwaka mzima twamnywa, twamfulia nguo chafu, twamtupia taka.
Siku moja tunamwambia samahani."
Neno hilo alilitamka bila kosa.

Tukashuka mtoni gizani, umeme ulikuwa umekatika.
Ndiyo mizaha ya Kiyira: anazungusha mitambo,
anawasha miji asiyoijua,
na sisi wa ukingoni tunapapasa kiberiti.
Juu mwezi mpevu, peke yake.
"Ndilo jina langu," akasema, "siku ya mwezi kujaa."

Akapiga magoti topeni, akainua chake hadi kwenye paji la uso.
Changu kilikuwa kimeinama upande mmoja,
ndani yake sarafu ya mia mbili, ile yenye samaki.
Nilitaka kusema maneno mazito.
Yaliyokuja ni hesabu:
mifuko ya plastiki, kila Jumamosi, miaka tisa,
usiku, nikijiambia mto ni mkubwa.
Na mdogo wangu Kagoya, aliyekwenda kuchota maji akabaki huko,
na matusi niliyomtukana mto siku ile,
ambayo hadi leo sijayarudisha.
"Tusameheane," nikasema. Kuomba peke yangu
nilishindwa.

Vikaenda. Chake wima kama bibi harusi,
changu kikizunguka kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Penye magugu maji vichwa vitatu vikaibuka:
wavulana, wanakwapua sarafu,
wanazima mishumaa waiuze kesho.
Nikaokota jiwe.
Wanpen akanishika mkono, akicheka hadi machozi:
kwao, alipokuwa na miaka minane,
yeye ndiye aliyekuwa akizamia.

Mmoja wao, sijui ni haya au ni haraka,
akakiachia changu, bila sarafu,
mshumaa ungali unawaka.
Kikainama, kikapita magugu,
kikazidi kuinama.

Asubuhi mteja akauliza bei ya mkungu.
Nikamtajia.
Kisha nikajisikia nikimwuliza:
na shina, je, hulihitaji?