Saa Tisa na Robo

Bi Noreen alipiga simu mara ya tatu:
"Shem, imekufa tena. Saa ileile."
Jina langu Shemhilu, lakini hapa Todmorden
wamelipunguza kama suruali ya dukani,
nami nimelizoea, linanitosha.

Anauza nyuzi za sufu, nyuma ya soko,
mvua inachuruzika mlangoni Ijumaa hadi Ijumaa.
Kompyuta iko chini ya meza,
sanduku jeusi, zee, lenye stika ya mwana-kondoo.

Mara ya kwanza nilitoa skrubu nne, nikavuta ubavu,
nikakuta feni imevaa sweta:
nyekundu, kijani, rangi ya haradali,
mauzo ya miaka tisa yamefumana
kwenye mapezi ya kipozajoto.
Nikapuliza, nikasugua kwa brashi,
nikapaka marhamu mpya mgongoni mwa prosesa,
tone moja, punje ya dengu, usizidishe.
Bi Noreen akainama na miwani yake:
"Kumbe ndani kuko hivi?"
Nikamwonyesha. Huu ubao mama, wote wananyonya kwake.
Hii diski ndiyo ghala: ukizima, mali inabaki.
Hii RAM ni meza ya kukatia nguo:
ukizima, inafagiliwa.
"Kama kichwa changu," akasema.
"Asubuhi nina kila kitu."

Mara ya pili nilimuuzia RAM.
Pauni thelathini na mbili. Niseme kweli:
sikuwa na hakika, nilikuwa na haraka,
na fundi mwenye haraka hubadilisha
kilicho karibu na mkono.

Mara ya tatu sikufungua kitu.
Nilivuta kiti, nikakaa na koti langu mwilini,
maana mle ndani, katikati ya sufu yote ile,
nilikuwa naiona pumzi yangu.
Yeye, glavu zimekatwa vidole, anahesabu risiti.
Saa nane. Saa nane na nusu.
Mashine inanguruma, haina neno.
Saa tisa na dakika kumi basi likasimama nje,
wakaingia mabibi watatu na babu mmoja,
wanakung'uta miavuli, vikapu vya kufuma mkononi,
na Bi Noreen akanyanyuka upesi kama mwenye aibu,
akapenyeza mkono chini ya kaunta.
Hita ikawaka, mistari miwili myekundu.
Taa ya dirishani ikapepesa.
Sanduku likazimika.

Nikaufuata waya kwa vidole, kama mtu anayetafuta mshipa:
soketi moja ukutani,
ekstensheni kuukuu imebeba ekstensheni nyingine mgongoni,
na humo hita, birika, taa, mashine ya kadi,
na kompyuta kule mwisho,
kitinda mimba kwenye sinia, anaambulia makoko.
Plagi ilikuwa ya moto. Nyeupe yake imegeuka chai.

"Asubuhi siwashi," akaninong'oneza, wageni wasisikie.
"Bili, unajua. Nawasha wakija wao."

Najua. Chumbani kwangu nalala na soksi pea mbili,
na laptopu yangu, mganga hajigangi,
huchukua dakika sita kuamka.

Hita nikaihamishia soketi yake, ukuta wa pili.
Ile ekstensheni nikaitia mkobani mwangu
asije akaiokota kwenye pipa.
Kisha nikafungua ubavu, nikachomoa RAM niliyomuuzia,
nikaweka pauni thelathini na mbili juu ya kaunta.
Akazisukuma. Nikazisukuma.
Mwisho zikalala chini ya bakuli la vifungo,
na sijui mpaka leo ni za nani.

"Ilikuwa na ugonjwa gani?" babu akauliza,
macho hayatoki kwenye sindano zake.
"Baridi," nikasema,
na hakuna aliyecheka.

Wakanisogezea kiti karibu na hita,
wakanipa sindano mbili na uzi wa haradali.
Nilifuma mistari sita, mitano nikaifumua.
Saa kumi na nusu, mvua ileile,
na chini ya meza
feni bado inazunguka.